Gonga, Ngoja Kuitikiwa

Siku niliyorudisha ufunguo wa stoo ya makasia, Nadège, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo huo, aliniambia niandike kurasa chache kabla sijasahau. "Papa Kazadi, andika bile tunapashwa kujua," alisema. "Lakini usituandikie discours." Nimejitahidi isiwe hotuba. Kuhusu vyeo sina la kusimulia: niliingia ofisini nikiwa mkuu wa kitengo chenye mtu mmoja, nikatoka nikiwa mkuu wa kitengo hicho hicho. Kwa hiyo nitaanza na maji.

Njia ya maji si kitu kinachojengwa. Nalisema hili kwa sababu wajomba zenu watawauliza kazi yenu ni nini, na mtahitaji jibu fupi. Mto upo tayari. Sisi tunamwonyesha mtu mwenye mtumbwi mdogo au kayaki, anayepiga kasia kwa kujifurahisha tu, mahali pa kuingilia, pa kupumzikia, pa kulala, na pale ambapo ni lazima atoke majini abebe chombo chake begani. Tunapima, tunachora ramani, tunaweka vibao, tunazungumza na wenyeji wa kingo. Kwa miaka mingi hilo la mwisho nililifanya mwisho, nikiwa nimechoka, mara nyingi nikiwa nimekwisha kupanga mizigo ya kurudi.

Mimi ni mtoto wa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi. Babu yangu alitoka Kasai kwa reli, na tangu aliposhuka stesheni hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekaribia maji yanayozidi ndoo. Chuo kikuu nilisoma jiografia, nikaandika kitabu kinene cha kumaliza masomo juu ya mito ambayo sikuwahi kulowesha mguu ndani yake, na walimu wakanisifu. Nilipomwambia mama yangu kwamba nimepata kazi ya mtoni, aliacha kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, akanitazama.

"Siye tulikuya na train," alisema. "Mayi tunaonaka paka mu dirisha, mu dirisha tu. Unajua hata kuogelea?"

Sikujua. Nilimwambia nitajifunza, naye akaendelea kutwanga kwa namna ya mtu aliyekwisha kuanza kupanga matanga.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye ziwa dogo la mjini. Ofisi ilikuwa imepewa kayaki sita za plastiki, tatu nyekundu na tatu za njano, na hakuna aliyejua upande wa mbele ni upi. Nikajitolea, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Nilikaa, nikasukumwa, nikapiga kasia mara mbili upande wa kulia, nikapinduka. Maji yalinifikia kifuani. Nilisimama nikiwa na tope mpaka kwenye miwani, na mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga ukingoni akaniuliza kwa adabu zote, "Papa, njo namna banafanyaka?" Nikamjibu ndiyo, hatua ya kwanza ni hiyo.

Mto tuliochagua ulikuwa Luapula, kutoka Kasenga kushuka kuelekea ziwa Moero: siku tatu za kasia kwa mtu asiye na haraka, ukingo wa kushoto kwetu, ukingo wa kulia Zambia. Kule nikakutana na Ba Mwansa, fundi wa mitumbwi, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, ambaye ofisi ilimchukua awe kiongozi wetu wa njia kila tulipomhitaji. Alikaa juu ya gogo alilokuwa akilichonga, akanisikiliza nikimweleza mradi mpaka mwisho. Kisha akaanza kuuliza.

"Bale bantu batabeba nini?"

"Hakuna kitu, Ba Mwansa."

"Banafwata samaki?"

"Hapana."

"Banaenda kuona ndugu?"

"Hapana. Watapiga kasia siku tatu, kisha tutawarudisha kwa gari."

Aliliweka shoka chini. "Kuko muntu anabafukuza?"

Nilimhakikishia kwamba hakuna. Akafikiri kidogo, akasema basi ni watu wenye nguvu za kumwaga, na hao hata yeye anawafahamu wachache. Tukaanza kesho yake. Tangu siku hiyo akaniita Ba Carte, yaani Bwana Ramani, na mto mzima ukafuata.

Nawaandikia aliyonifundisha, kwa sababu hayamo katika kitabu changu kinene. Andikeni kwa penseli. Wino huondoka na maji ya kwanza. Kamba ya kupimia kina iwe na fundo kila urefu wa mkono mmoja, na mkono uwe wa mtu yule yule. Kabla ya kupigilia kibao, tazameni juu, kwenye matawi: mkiona majani makavu ya matete yamenasa mahali ambapo ndege asingeyapeleka, hapo ndipo mto ulipofika wakati wa mvua. Kibao kikae juu ya hapo. Vyangu vya kwanza nilivipigilia usawa wa macho, mwezi wa tisa, na kufikia mwezi wa pili samaki ndio waliokuwa wakivisoma. Tena vibao visiwe vya bati. Vile vya bati vilivyonusurika mafuriko nilivikuta baadaye kwenye kambi moja ya wavuvi, vimetobolewa vizuri, vikikaushia samaki. Mshale ulikuwa bado unaonekana, ukielekeza kwenye moshi.

Jambo jingine ni la viboko. Pitieni kwenye maji mafupi, kiboko mwachieni kina, na mumjulishe mlipo. Mara ya kwanza tulipowakaribia, Ba Mwansa aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kasia, mara tatu, akatulia. Nikamuuliza kwa nini. "Bajue tuko wapi," akanijibu. Nikatoa penseli, nikaandika: *Kugonga mara tatu: kwa ajili ya kiboko.*

Baadaye siku ile aligonga tena mbele ya kivuko cha kijiji, ambapo hapakuwa na kiboko. Sikuuliza. Nilikuwa nimekwisha kuandika. Akagonga kwenye kila kivuko tulichofikia, mtumbwi ukaelea wenyewe kidogo, sauti ya mwanamke ikatoka ukingoni, ndipo tukaingia. Zile sauti nilizichukua kuwa ni ukarimu. Nilichora alama ya kugonga kwenye ramani, mahali penye viboko tu, na kwingine kote nikaweka ushauri wangu mwenyewe, nilioutunga kwa fahari: *Pigeni kasia kimya, mtaona ndege.*

Nzuri kuliko zote ilikuwa sehemu iitwayo Chipalo: mchanga mweupe, kivuli, maji tulivu nyuma ya kona ya mto. Sisi tulikuwa tukipita pale asubuhi, wanawake wakiwa kwenye mashamba ya mihogo, na nikaiandika kuwa pa kupumzikia. Ba Mwansa alikuwa ameoa Chipalo. Kijiji kilitukubali kwa sababu yeye alisema sisi ni watu wazuri, naye hakuniambia neno lolote juu ya ule mchanga. Kwake yeye, mtu anayefika kwa maji hugonga, na anayegonga haoni kisichomhusu. Alikuwa ameniona nikiandika habari ya kugonga. Aliamini nimeelewa, kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Kundi letu la kwanza la wageni lilitoka Lubumbashi: walimu wawili, muuguzi, mfamasia, na injinia mmoja aliyekuja na glavu zake mwenyewe. Wote wanaume. Mimi mbele, wao katikati, Ba Mwansa nyuma kabisa kwenye mtumbwi wa mizigo. Ilikuwa yapata saa kumi za mchana. Niliwaonyesha kwa kidole mdomoni kwamba wakae kimya, na wakakaa kimya vizuri mno. Kayaki sita zikazunguka kona ya Chipalo bila kutikisa hata jani, na mbele yetu, kwa umbali wa kupeana mkono, walikuwepo wanawake wa kijiji kizima wakioga.

Kitu cha kwanza kilichoruka kilikuwa sabuni. Ikafuata sufuria. Maneno sitayaandika, maana Nadège ni mkristo. Injinia aliinua mikono juu, glavu na yote. Mimi niliondoa miwani, nikidhani nitahesabiwa wema, lakini bila miwani nilishindwa kuona pa kurudia nikaenda mbele zaidi.

Halafu nikamsikia Ba Mwansa. Alikuwa amefika konani, ameona kilichotokea, akatoa sauti fupi kama ya mtu aliyechomwa. Kati ya wale wanawake alikuwemo Mama Chisala, mama mkwe wake. Kwa watu wa mto ule, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawakai pamoja ovyo, hawatazamani ovyo. Ba Mwansa aligeuza mtumbwi ukaelekea Zambia, akashika matete kwa mkono mmoja, akabaki hapo na mgongo wake kwetu mpaka jua likashuka.

Wanawake walifunga vitenge vyao bila haraka. Kisha wakaingia majini wakakusanya makasia yetu yote, moja moja, kutoka mikononi mwetu, nasi tukayatoa kama watoto wanaonyang'anywa penseli.

"Munatoka wapi?" Mama Chisala aliniuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa.

"Lubumbashi, mama."

"Kule Lubumbashi banaingiaka mu nyumba ya bantu bila hodi?"

"Hatukujua kama hapa ni nyumba, mama."

"Weye unaonaka paka mulango ya mbao?"

Tulipewa bukari, yaani ugali, na samaki, na tukaambiwa neno litasemwa asubuhi.

Asubuhi nilipanda juu ya kichuguu nyuma ya kijiji, ndipo simu inaposhika, nikampigia mkuu wangu wa wakati ule. Alinisikiliza, akatoa suluhisho mara moja, kama kawaida ya watu walio mbali. "Si muko na guide? Sema ni kosa yake. Yule hana hata contrat ya kazi." Nilishuka kichuguu polepole kuliko nilivyokipanda. Chini nikamkuta Ba Mwansa, ameketi akitazama upande mwingine, naye akaniambia jambo lile lile kwa nia nyingine.

"Ba Carte, weye sema ni miye. Bakikuona weye njo mubaya, batafunga njia yote. Miye niko mukwe. Batanisamehe."

Alijua, na mimi nilijua, kwamba mkwe ndiye angesamehewa mwisho. Mgeni hukosea akaenda zake. Mkwe aliyeleta wanaume sita kumtazama mama mkwe wake angepotelewa na kivuko kile: nyumba ya wakwe zake, shamba la mkewe, heshima aliyoijenga tangu alipooa. Njia yangu ya maji ingeweza kuhamishiwa mto mwingine. Yeye hakuwa na Chipalo nyingine.

Wanawake waliketi kwenye mchanga ule ule. Mama Chisala akauliza nani aliyetuonyesha kuingia namna ile. Nikatoa daftari. Nilieleza kwamba Ba Mwansa aligonga kila mahali, mbele ya macho yangu, na kwamba mimi niliandika maana yake bila kuuliza. Kisha nikasoma: "Kugonga mara tatu: kwa ajili ya kiboko."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema, "Mama Chisala, sikia, banakuita kiboko." Mwingine akasema kiboko wa Chipalo anajua kutupa sufuria. Kicheko kikaenda mpaka kwa wageni wangu, na injinia akaficha uso kwenye glavu. Mama Chisala hakucheka.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Ulisoma masomo ngapi, weye?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akanipa kasia langu moja. Adhabu yangu ilikuwa niende mtoni, nizunguke kona, nigonge, ningoje.

Nikagonga. Hakuna aliyeitikia. Maji yakanishusha, nikapiga kasia kupanda, nikagonga tena. Nilikuwa nikiwasikia upande wa pili wakisugua vyombo na kupiga soga, kuna aliyesimulia habari ya harusi, na habari ile ilikuwa ndefu. Jua likanikalia utosini. Nilijifunza mambo mawili: kwamba plastiki ya kayaki inalia kama beseni lililopasuka, na kwamba kungoja ni sehemu ya kugonga. Bega langu la kulia, ambalo ndilo limenistaafisha mapema, naamini lilianza safari yake siku ile. Hatimaye sauti ikasema, "Ingia."

Nilipofika mchangani nilimwambia Mama Chisala kwamba kosa lote ni langu.

"Yako tumemaliza," alisema. Akaangalia mtoni, ambako Ba Mwansa alikuwa amerudi kwenye mtumbwi wake, bado umeelekea Zambia. "Lakini ule, nkafi yake miye sitaiitikia." Nkafi kwa watu wa kule ndiyo kasia. Kivuko ambacho kasia lako haliitikiwi, huingii.

Tulirekebisha tulichoweza. Wanawake wenyewe walituchagulia pa kupumzikia, juu ya kona, chini ya mkuyu, na kwa kweli pana kivuli bora. Katika kila kivuko tukaweka kibao cha mbao chenye picha ya kasia likigusa ubavu wa mtumbwi, na maneno matatu: *Gonga, ngoja kuitikiwa.* Ba Mwansa alichonga vipande sita vya mbao ngumu, tukavifunga ubavuni mwa kila kayaki ili sauti iwe ya mti. Mkinunua kayaki mpya, vihamisheni vipande hivyo. Msivitupe mkidhani ni kiraka. Na popote mtakapofungua njia, wa kwanza kuzungumza nao wawe wanawake wanaoteka maji, kabla ya kufungua ramani, nyakati zote mbili, asubuhi na jioni, maana ukingo wa asubuhi si ukingo wa jioni.

Wageni wakaja. Wakagonga, wakaitikiwa. Injinia alirudi mara mbili, akagonga kwa ufundi, na Mama Chisala akamwitikia kabla hajamaliza. Mimi niliitikiwa. Ba Mwansa hakugonga. Alipofika Chipalo alikuwa akimshusha mkewe kwenye matete, mbali chini ya kivuko, na mkewe huyo akatembea kwenye maji ya magoti na jembe kichwani kwenda shambani kwa mama yake. Nilimuuliza Ba Mwansa mwaka wa kwanza.

"Ninaangalia nyavu pale," alisema.

Hakuwa na nyavu pale. Nilijua. Lakini nikajiambia mambo ya ukweni si ya ofisi, hasira itaondoka na mvua, na mtu aliyeleta balaa hapaswi kulichokoa. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Mvua zikaja na kuondoka mara tatu.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa kiangazi hiki, kumwonyesha Nadège vibao. Tulifika Chipalo asubuhi, tukagonga, tukaitikiwa. Mama Chisala alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Amezeeka, lakini sauti ni ile ile. Ba Mwansa alikuwa amebaki mtoni na mtumbwi wa mizigo, akisubiri tumalize ili aende zake kwenye matete. Nilimwambia Mama Chisala kwamba sitarudi tena, nastaafu. Akanitakia kheri. Nikageuka niondoke, nikafika hata kwenye kayaki. Nadège, aliyekuwa amesikia habari yote njiani, alinitazama tu, na mimi nikarudi.

"Ba Mama," nikasema, "juu ya nini hamumuitikii Ba Mwansa mpaka leo?"

Aliendelea kusugua. "Hakuna muntu ameniuliza."

"Lakini mulisema hamutamuitikia."

"Nilisema. Nilikuwa na kasirani. Kisha nikangoja muntu akuye kumuombea. Yeye ni mukwe, hawezi kuniomba mwenyewe. Bibi yake ni mutoto wangu, naye hawezi. Muntu wa kuomba ni ule aliyemutia mu ile maneno." Akaniangalia. "Nilikuona mwaka wa kwanza. Ukaweka kibao. Nikakuona mwaka wa pili. Ukapaka kibao rangi."

Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kazi, ramani, kamba yenye mafundo, na daftari. Nikapiga magoti kwenye mchanga, jambo ambalo goti langu halikulipenda, nikamwomba.

Hakusema ndiyo. Alisema, "Mwambie basi agonge," kama kwamba Ba Mwansa ndiye aliyekuwa akichelewesha.

Nikamwinulia kasia Ba Mwansa, nikalipiga kwenye ubavu wa kayaki yangu mara tatu, kisha nikamwonyesha kwa kidole kwamba ni zamu yake. Alitutazama muda mrefu. Akauzungusha mtumbwi mpaka ukawa nyuma ya kona, asionekane, kama inavyotakiwa. Kisha tukasikia: mara tatu, mti kwa mti.

Mama Chisala alimaliza sufuria. Akaisuuza ndani, akaisuuza nje, akaigeuza kifudifudi ikauke, akajifunga kitenge vizuri. Nadège alitaka kusema kitu, nikamshika mkono.

"Ni nani?" aliuliza Mama Chisala, ingawa mkono ule aliujua.

"Ni miye, mama."

"Ingia. Umekawia."